Gottlieb Haberlandt: Mtu aliyesema seli moja ya mmea inaweza kuzaa mmea mzima

Wasikilizaji wa vipindi vyetu vya kilimo wamekwisha kuzoea habari za migomba ya maabara, ile miche midogo inayokuja shambani ikiwa imefanana kama mapacha. Kila tunapoigusa habari hiyo, swali hurudi lile lile: mmea unawezaje kutokea ndani ya chupa, bila mbegu, bila ua na bila udongo?

Jibu lake lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo inaanzia kwa mtu mmoja, Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria. Mwaka 1902 alijaribu kuifanya seli moja ya jani igawanyike na kuwa mmea. Alishindwa. Lakini aliandika wazi alichofanya, akaeleza kilichotokea, na akatabiri kwamba siku moja wengine wataweza kupata viinitete kutoka katika seli za kawaida za mmea. Utabiri huo ulitimia miaka 13 baada ya kifo chake. Katika makala hii tunayasimulia maisha yake, na kueleza kwa lugha nyepesi jinsi jambo hilo linavyofanyika leo.

Mtoto wa mwalimu wa kilimo

Haberlandt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1854 katika mji ambao Wajerumani waliuita Ungarisch-Altenburg. Leo mji huo uko Hungaria na unaitwa Mosonmagyaróvár. Wakati ule eneo lote lilikuwa chini ya mfalme mkuu wa Austria. Mji ulikuwa na chuo cha kilimo, na baba yake, Friedrich Haberlandt, alikuwa mwalimu katika chuo hicho.

Baba huyo naye ana sifa yake. Mwaka 1873 yalifanyika Maonesho ya Dunia katika mji wa Vienna, na huko alipata mbegu za soya kutoka Asia. Alizipanda, akaziangalia zinavyostahimili hali ya hewa ya Ulaya, kisha akazigawa kwa wakulima sehemu mbalimbali wazijaribu katika mashamba yao. Mwaka 1878 alitoa kitabu kuhusu soya, na mwaka huo huo akafariki dunia. Kwa hiyo Gottlieb alikulia katika nyumba ambamo mmea ulikuwa kitu cha kupandwa, kupimwa na kuulizwa maswali.

Alisoma Chuo Kikuu cha Vienna na kupata shahada ya udaktari mwaka 1876. Baadaye akaenda Tübingen, Ujerumani, kusoma kwa Simon Schwendener, mwalimu aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wake kuutazama mwili wa mmea kama fundi anavyoitazama nyumba: nguzo iko wapi, inabeba nini, na kwa nini imewekwa pale. Mwaka 1880 Haberlandt alianza kufundisha katika mji wa Graz, kusini mwa Austria. Aliishi Graz kwa miaka 30.

Kila sehemu na kazi yake

Mwaka 1884, akiwa hajafikisha miaka 30, alitoa kitabu kikubwa kuhusu maumbile ya ndani ya mimea na kazi zake. Kabla ya hapo wataalamu wengi walitosheka kuchora seli za mimea na kuzipa majina. Yeye aliuliza kila seli inafanya kazi gani. Ipi inalinda, ipi inasafirisha maji, ipi inatengeneza chakula, ipi inahifadhi akiba.

Mambo mawili aliyoyaeleza yanamhusu kila mkulima wa mahindi. La kwanza ni muundo wa ndani wa majani ya mimea kama mahindi, mtama na muwa. Alieleza jinsi seli zinavyoizunguka mishipa ya jani kama shada la maua. Katika miaka ya 1960 wanasayansi walitambua kwamba muundo huo ndio unaoiwezesha mimea hiyo kutengeneza chakula vizuri penye jua kali na joto.

La pili ni mzizi. Ukifukia punje ya hindi kwa namna yoyote, hata ikilala kichwa chini, mzizi utajipinda na kushuka, na chipukizi litapanda juu. Mzizi unajuaje chini ni wapi? Mwaka 1900 Haberlandt alitoa maelezo kwamba ndani ya seli fulani mna chembe nzito za wanga ambazo hutuama upande wa chini, na seli huhisi zimetua wapi. Mwanasayansi mwingine, Bohumil Němec, alitoa maelezo kama hayo mwaka huo huo. Hadi leo maelezo hayo ndiyo yanayofundishwa.

Kati ya miaka hiyo alisafiri pia hadi kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia. Alikaa huko kati ya mwaka 1891 na 1892, katika bustani kubwa ya mimea ya Buitenzorg, mji unaoitwa Bogor siku hizi. Kwa mtu aliyezoea nchi ya theluji, msitu wa tropiki ulikuwa shule mpya. Aliandika kitabu kuhusu safari hiyo kilichotoka mwaka 1893.

Swali la mwaka 1902

Baada ya kuzijua seli za mimea kwa kazi zake, Haberlandt alifika kwenye swali gumu zaidi. Mmea wote hutokana na seli moja. Chavua inapoliingilia yai ndani ya ua, hupatikana seli moja iliyorutubishwa. Hiyo hugawanyika kuwa mbili, kisha nne, na kuendelea, hadi kupatikana kiinitete, yaani ule mmea mchanga uliojikunja ndani ya mbegu. Seli zote za jani, shina na mzizi ni wajukuu wa seli ile ya kwanza.

Je, seli ya jani iliyokwisha kukomaa bado inayo maarifa yote ya kujenga mmea mzima, ila tu imenyamaza kwa sababu iko katikati ya wenzake? Na tukiitenga peke yake, tukaipa chakula, itaanza upya?

Haberlandt aliamua kujaribu. Alichukua seli za majani ya mmea mdogo wa Ulaya wenye maua ya zambarau, ulio jamii moja na mrehani. Alichukua pia nywele za mimea mingine, na seli za ndani ya vikonyo vya gugumaji, gugu lile lile linalowasumbua leo wavuvi wa Ziwa Victoria. Aliziweka seli hizo katika maji yenye chumvi za madini, na nyingine akazitilia sukari.

Seli zilikaa hai. Zile za majani baadhi ziliishi karibu mwezi mzima. Zilinenepa, kuta zake zikawa nene, na ndani yake zikajitengenezea wanga. Lakini hakuna hata moja iliyogawanyika. Alingoja, akajaribu tena, na matokeo yakawa yale yale.

Mwezi Februari 1902 aliiwasilisha taarifa ya majaribio hayo katika Chuo cha Sayansi cha Vienna. Mtu mwingine angeweza kuyaficha matokeo kama hayo, kwa kuwa jaribio halikufanikiwa. Yeye aliandika kila kitu. Kisha akaongeza mapendekezo kwa watakaomfuata. Moja lilikuwa kwamba seli zitiliwe maji yanayotoka ndani ya mfuko wa kiinitete, yaani pale ambapo mmea mchanga hulelewa ndani ya mbegu, kwa sababu huenda mna kitu kinachochochea seli kugawanyika. Akamaliza kwa kusema kwamba hadhani anajasirisha maneno akitabiri kwamba ipo siku viinitete vitatengenezwa kutoka seli za kawaida za mmea.

Tukumbuke pendekezo hilo la maji ya ndani ya mbegu. Tutalirudia.

Kwa nini alishindwa

Leo sababu zinajulikana. Seli alizochagua zilikuwa zimekomaa mno. Seli ya jani iliyokwisha kuingia kazini ni ngumu kuirudisha utotoni kuliko seli ya ncha ya mzizi au ya kiinitete. Tena zilikosa homoni, vile vitu vichache sana ndani ya mmea vinavyotoa amri: gawanyika, refuka, toa mzizi, toa chipukizi. Mwaka 1902 hakuna aliyekuwa amezitenga homoni za mimea. Haberlandt alikuwa anapika ugali bila moto, na moto wenyewe ulikuwa haujagunduliwa.

Hakuliacha jambo hilo. Mwaka 1910 alihamia Berlin, Ujerumani, kushika nafasi ya mwalimu wake wa zamani, Schwendener, na huko akarudi kwenye swali la nini huifanya seli igawanyike. Safari hii alitumia viazi mviringo. Alikata vipande vyembamba vya kiazi na kuvitazama. Mwaka 1913 alionesha kwamba kipande kisicho na mshipa wa kusafirishia chakula hakigawanyi seli zake, lakini kipande chenye hata sehemu ndogo ya mshipa huo hugawanya. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachotoka katika mshipa na kuwaamsha wengine.

Mwaka 1921 alieleza jambo lingine linalofanana na hilo. Mmea unapokatwa, seli za karibu na jeraha huanza kugawanyika ili kuliziba. Aligundua kwamba ukiliosha jeraha kwa maji, ukaondoa utomvu wa seli zilizopasuka, mgawanyiko hupungua. Ukiurudisha utomvu huo, mgawanyiko hurudi. Kila anayebebesha miche au kupanda vipande vya mihogo anaiona kazi hiyo pale kovu linapojifunga.

Baba, mwana na huzuni

Tunapoisimulia familia hii, tusimwache mwanawe, Ludwig Haberlandt. Alizaliwa Graz mwaka 1885, akawa daktari na mtafiti katika mji wa Innsbruck. Wakati baba akitafuta homoni za mimea, mwana alishughulika na homoni za mwili. Alipandikiza ovari za sungura wenye mimba katika sungura wengine, akaonesha kwamba waliopandikizwa hawakushika mimba kwa muda. Kutokana na hapo alisema homoni zinaweza kutumika kupanga uzazi, miaka mingi kabla ya vidonge vya uzazi wa mpango kuingia hospitalini. Wazo hilo lilimletea upinzani mkali. Alijiua mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 47.

Mzee Haberlandt, aliyekuwa amestaafu tangu mwaka 1923, alimzika mwanawe. Mwaka uliofuata, 1933, alichapisha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Alifariki Berlin tarehe 30 Januari 1945, akiwa na miaka 90, wakati mji huo ukishambuliwa kwa mabomu na vita vikielekea mwisho. Utabiri wake wa mwaka 1902 ulikuwa bado haujatimia.

Karoti na maji ya dafu

Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kuijenga njia. Mwaka 1934 Mmarekani Philip White aliweza kukuza mizizi ya nyanya ndani ya chupa kwa muda mrefu. Mwaka 1939 White, pamoja na Wafaransa Roger Gautheret na Pierre Nobécourt, kila mmoja kwa kazi yake, walitangaza kwamba wameweza kukuza tishu za mimea bila kikomo. Mwaka 1941 watafiti nchini Marekani walitumia maji ya nazi kulea viinitete vichanga sana, vikakua. Mwaka 1955 ikagunduliwa homoni ya kugawanya seli iliyopewa jina la kinetini.

Kisha ukafika mwaka 1958. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Frederick Steward na wenzake walichukua vipande vidogo vya karoti, wakaviweka katika chupa zinazozungushwa polepole, zenye chakula kilichotiwa maji ya nazi. Seli zikabanduka na kuelea. Baadhi zikagawanyika, zikawa vifundo, vifundo vikatoa mizizi, kisha machipukizi, na mwishowe mimea ya karoti. Mwaka huo huo Jakob Reinert wa Ujerumani naye alieleza kupata viinitete kutoka tishu za karoti. Mwaka 1965 Vimla Vasil na Albert Hildebrandt walionesha kwamba seli moja ya tumbaku, iliyotengwa peke yake, inaweza kukua hadi kuwa mmea wenye maua.

Sasa turudi kwenye lile pendekezo. Maji ya dafu ni nini? Ni chakula cha kimiminika kilichomo ndani ya mbegu ya mnazi kwa ajili ya kumlea mtoto wake. Yaani ni maji ya mfuko wa kiinitete, kitu kile kile alichokipendekeza Haberlandt mwaka 1902. Mnazi unajaza mfuko huo kiasi cha kumkata mtu kiu.

Kiinitete hutokeaje: hatua kwa hatua

Wataalamu huanza na kipande kidogo cha mmea mzima wenye afya. Kwa kahawa huwa ni kipande cha jani changa. Huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu chakula cha chupani kina sukari, na ukungu ukiingia utakimaliza kabla ya mmea.

Kipande huwekwa juu ya chakula chenye madini, sukari, vitamini na homoni ya jamii ya oksini. Mara nyingi hutumika ile iitwayo 2,4-D. Wakulima wengi wanaijua kama dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Kwa wingi inaua. Kwa kiasi kidogo mno ndani ya chupa inaamsha.

Kukatwa na kupewa homoni huzitikisa seli. Zinaacha kazi za jani na kurudi katika hali ya uchanga. Linatokea donge lisilo na umbo, la rangi ya njano au nyeupe, liitwalo kalusi. Ndani ya donge hilo baadhi ya seli, ndogo na zilizojaa, ndizo zenye uwezo wa kuwa viinitete.

Baada ya hapo homoni hupunguzwa au huondolewa. Ndipo seli hizo hujipanga. Kwanza huwa duara kama punje ya mtama. Kisha duara hutoa vichwa viwili na kufanana na moyo. Halafu moyo hurefuka. Mwishowe huonekana majani mawili ya mwanzo upande mmoja na mzizi upande wa pili. Hizo ni hatua zile zile anazopitia mtoto wa mmea ndani ya mbegu ya kawaida ya mimea ya jamii ya kahawa au karoti. Tofauti ni kwamba hapa hakuna baba wala ua, kwa hiyo mche unafanana na mama yake.

Jambo hili halitokei maabara peke yake. Baadhi ya miembe, michungwa na milimao hufanya hivyo yenyewe. Ukipanda kokwa moja ukaona yameota machipukizi mawili au matatu, kwa kawaida ni kwa sababu baadhi ya viinitete vilitokana na seli za kawaida za mti mama, bila chavua. Haberlandt alivutiwa sana na viinitete vya namna hiyo, na katika uzee wake alifanya majaribio ya kuvichochea ndani ya maua.

Faida na mipaka kwa mkulima

Tufafanue jambo moja ambalo huchanganywa mara nyingi. Miche mingi ya migomba ya maabara haitokani na viinitete. Hutokana na ncha ya chipukizi, ambayo hugawanywa na kuchipuza tena na tena. Njia ya viinitete hutumika zaidi kwa kahawa na michikichi, na katika utafiti wa mihogo na migomba. Kahawa ya robusta iliingia katika njia hii tangu mwaka 1970.

Faida yake ni wingi na usafi. Mti mmoja bora unaweza kutoa miche maelfu, na miche hiyo hutoka bila fukusi, bila minyoo ya mizizi na bila udongo wenye magonjwa. Lakini usafi si kinga. Mgomba wa maabara ukipandwa shamba lenye mnyauko, utanyauka kama mwingine. Virusi navyo vinaweza kupita ikiwa mti mama haukupimwa. Tena miche hii imelelewa chupani kama mtoto wa ndani: inahitaji kivuli na maji ya uhakika mpaka iizoee dunia.

Pia kukaa kwenye kalusi kwa muda mrefu kunaweza kuleta mabadiliko. Wakulima wa michikichi Asia ya Kusini-Mashariki walilipata hilo: baadhi ya michikichi ya maabara ilikua vizuri kwa miaka, kisha ikatoa matunda yenye kasoro yasiyo na mafuta ya kutosha. Ndiyo maana tunawashauri wasikilizaji wetu kununua miche kwa wazalishaji wanaotambuliwa na kuuliza mti mama ni upi na umepimwa nini.

Haberlandt hakupata mche hata mmoja kwa njia hii. Alichowaachia wengine ni taarifa ya ukweli kuhusu jaribio lililoshindwa, pamoja na mahali pa kuanzia. Waliokuja nyuma yake walianzia pale.